Mwaka wa Amplifaya ya Mama Kulwa

Tulimzika Kiongozi Masunga mwezi uliopita, na mimi nilicheka matangani. Naona niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, ungo mapajani, tukichambua mchele, nikawasikia vijana wawili wa bendi ya siku hizi wakibishana nyuma ya turubai. Mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake simu. Ukichomeka gita humu, alisema, unapata sauti ya amplifaya yoyote unayoitaka, ya zamani na ya sasa, kubwa na ndogo, zote zimo. Mwenzake akamjibu kwa dharau, "Zimo wapi? Zinaiga tu hizo." Hapo ndipo kicheko kiliponiponyoka, kwa sababu maneno hayohayo niliyasikia kutoka kinywani mwa marehemu mwenyewe, katika mwaka uliofuata zile mvua za El-Nino, nikiwa na miaka kumi na tisa na nikidhani dunia yote inaishia mahali spika inapoishia kusikika. Shangazi wa marehemu alinifinya paja. Nikainamia mchele wangu, lakini vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshaanza kutafuta nyuzi pembeni mwa ungo, na sikuweza kuvizuia.

Mwaka ule nilikuwa mpiga rithimu wa Sululu Jazz, bendi ya Shinyanga mjini. Nilivyoingia humo, na yaliyosemwa nyumbani nilipoingia, ni mambo ya kwetu na nimeyaacha huko. Kwa asiyejua, mpiga rithimu ni mtu anayeshona nguo ili mwingine avae. Anajaza, anashikilia, anarudia kitu kilekile mpaka mkono unakufa ganzi, na mpiga solo anapita juu yake akishangiliwa. Mpiga solo wetu aliitwa Salvatory, mtu wa Ushirombo, aliyelelewa katika kwaya ya parokia, mrefu, mwenye vidole vyembamba ambavyo hata akishika kikombe cha chai ungedhani anatafuta noti. Nilimsoma kila siku. Nilikijua kila kipande chake, hata makosa yake niliyapenda, na usiku nikilala nilivipiga vyote kwenye godoro. Kisha siku moja, baada ya mvua kukatika na barabara kupitika, Karasha Musica, bendi ya Kahama iliyokuwa na wafadhili wenye dhahabu, ilimchukua. Aliondoka na amplifaya yake, kabati la kale lenye sauti ya kunguruma, na ukumbi wetu wa mazoezi ukabaki na alama nne za miguu ya kabati hilo sakafuni.

Ukumbi wenyewe ulikuwa stoo ya nyuma ya baa moja ya mtaa wa Kambarage, yenye dirisha moja lisilo na kioo na kreti za bia hadi darini. Siku ya pili baada ya Salvatory kuondoka nilifika mapema, nikakaa nje kwenye kreti nikila karanga, nikawasikia watu wawili wakizungumza ndani. Mmoja alikuwa Kiongozi Masunga, mwimbaji wetu na mwenye bendi, mtu mfupi wa kofia ya pama ambaye sauti yake ilimtangulia kila alikokwenda. Mwingine alikuwa Maduhu, mpiga dramu, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa.

"Binti anazijua nyimbo zote," alisema Maduhu.

"Anazijua, nakataa? Lakini solo ni mtu wa kusimama mbele, Maduhu. Watu wanataka wamwone dume limesimama."

"Watu wana masikio."

"Wana macho pia." Nikaacha kutafuna ili nisikie vizuri. "Basi nampa kiti cha solo mpaka Maganzo. Tukinyang'anywa watu pale Maganzo, namleta yule Mkerewe kutoka Mwanza, mwenye amplifaya yake, na binti arudi kwenye rithimu. Sitaki kelele."

Nilizimwaga karanga zote chini kwa furaha na hasira, sijui kipi kilitangulia. Mpaka leo nikikumbuka neno lile, dume, napandwa na joto masikioni. Lakini nilipewa nafasi, na mwaka ule wote uliobaki kwangu ulikuwa na jina moja tu, Maganzo.

Lazima niwaeleze Maganzo ilikuwa na nini, kwa ajili ya wasomaji wa pwani. Kwetu Usukumani, pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, vyama vya ngoma hushindana. Kuna Wagika na kuna Wagalu, na kila mtu anajua yuko upande gani. Vyama viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, vinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna meza ya majaji. Miguu ya watazamaji ndiyo jaji. Watu wanahama kutoka huku kwenda kule, na atakayebaki na umati ndiye mshindi, na atakayebaki anachezea vumbi atachekwa mpaka mavuno mengine. Kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, ana mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu, na hakuna anayeona aibu kulisema hilo, kama ambavyo mkulima haoni aibu ya mbolea. Bendi zetu za magita ziliiga desturi hiyo. Mwaka ule, wanunuzi wa almasi pale Maganzo waliziita bendi mbili kwenye uwanja wa mpira, moja goli hili na nyingine goli lile, nazo zilikuwa Sululu Jazz na Karasha Musica. Yaani mimi na mwalimu wangu.

Sasa nilikuwa na kiti na sikuwa na amplifaya. Gita la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi. Ukilipiga, husikii kitu zaidi ya mbu. Nilirudi nyumbani kwa Mama Kulwa nikiwa nimenuna. Mama Kulwa alikuwa mama mwenye nyumba wangu, mwanamke mnene, mcheshi, mama wa mapacha waliokwishaoa, ambaye alikuwa mpishi katika kambi ya watafiti wa madini upande wa Buzwagi. Wakati huo hapakuwa na mgodi, palikuwa na mahema, mitaro na wazungu wanaogonga mawe kwa nyundo ndogo na kuyaramba. Alikuwa amerudi likizo siku hiyohiyo. Sebule yake naiona hata sasa: makochi ya vitambaa vya kufuma, kalenda ya chama cha ushirika, kabati la vikombe visivyonywewa, na juu ya stuli, pale pasipokuwa na kitu siku iliyotangulia, palikuwa na kisanduku cheusi kilichovikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa chupa ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bhebhe, wewe Kabula, afadhali umekuja. Wewe ni mtu wa miziki, hebu niangalizie redio yangu. Yule mzungu wa hema la tatu kamaliza mkataba, kaniachia, anasema ni kwa ajili ya chapati zangu. Inawaka taa, inavuma vizuri, lakini haishiki stesheni hata moja. Nimeizungusha mpaka mkono umeuma."

Niliondoa chupa ya chai. Niliondoa kitambaa. Nikaona tundu la waya wa gita, na nakiri nilipiga yowe. Mama Kulwa alidhani nimepigwa shoti.

"Mama, hii siyo redio. Ni amplifaya ya gita!"

"Kwa hiyo haina taarifa ya habari?"

"Haina."

"Wala salamu?"

"Wala salamu, mama."

Alikaa kwenye kochi akaifikiria hasara yake. Nilikimbia chumbani, nikaleta gita, nikachomeka, nikapiga. Vikombe kabatini vilicheka vyote kwa pamoja. Nikazungusha kile kitufe alichokuwa akitafutia stesheni, nikapiga tena, na kisanduku kilekile kikatoa sauti ya kitu kingine kabisa, kana kwamba mtu amekihamisha chumba. Nikazungusha tena, ikaja nyingine. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu cha namna ile, na baadaye tu, kwa miaka, ndipo nilipoelewa kuwa ndani yake mlikuwa na akili ya kompyuta iliyofundishwa kuiga amplifaya kubwa za Ulaya na Marekani, kila kituo cha kitufe na yake. Siku ile nilichojua ni kwamba nilikuwa nalia. Mama Kulwa aliniletea sahani ya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kupondwa, akanitazama nikila kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine, akasikiliza maneno ya Masunga nilipomsimulia, kisha akatoa hukumu. "Ni yangu, na sitaiuza. Utaipiga wewe. Siku nikisikia dume lolote limekaa hapo mahali pako, nakuja na kitambaa changu naifunika, naiweka chupa ya chai."

Bendini haikupokewa kwa vigelegele. Ilikuwa ndogo, mtu mmoja aliibeba kwa mkono mmoja, na Masunga alikuwa na imani kwamba kitu kizuri lazima kibebwe na watu wawili. Maandishi ya kwenye kitufe yalikuwa ya Kiingereza, majina ya amplifaya ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona, na mengine vidole vya mzungu vilikuwa vimeyafuta. Kwa hiyo tukazipa sauti majina yetu. Ile kubwa yenye kishindo na mkwaruzo tuliiita Radi. Yenye mwangwi iliitwa Kanisani. Kulikuwa na moja laini mno, haipandi hata uipigeje, Maduhu akaiita Baba Mkwe, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Na kulikuwa na moja nyembamba, kavu, kali kidogo puani, ambayo wote waliicheka. Ilinikumbusha zeze la mchungaji, lile la uzi mmoja, kwa hiyo mimi nikaiita Zeze. Masunga aliisikiliza hiyo akakunja uso.

"Hiyo ni nyenze anayelia mtini. Yaani nimtoe Salvatory, nimweke nyenze?"

"Salvatory alijitoa mwenyewe, Kiongozi."

"Na hata hizo nyingine. Zinaiga tu hizo. Ni kasuku. Kasuku anasema shikamoo, lakini je, ana heshima?"

Leo ninalo jibu la Masunga, na la kijana wa matangani pia. Mimi mwenyewe niliiga. Kila nilichokijua kuhusu gita nilikichukua kwa Salvatory nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na Salvatory alikichukua kwenye kanda za Wakongo, na hao nao walikichukua kwa mtu. Swali la maana ni utafanya nini ukishamaliza kuiga, na mwaka ule lilinijia mapema kuliko nilivyolitarajia.

Tulikwenda kwanza Geita, kwenye kambi ya wachimbaji wadogo, kupiga muziki wa Jumapili mchana katika baa iliyojengwa kwa mabati juu, ubavuni na mlangoni. Umeme ulitoka kwenye jenereta lililokuwa likiendesha mashine ya kusagia mawe siku za kazi. Wachimbaji walikuja na vumbi la mwamba kwenye kope, wakiwa wamevaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani. Niliposimama mbele na gita, mmoja aliuliza kwa sauti kama bendi imeishiwa wanaume. Niliweka Radi. Mabati yale yaliitika yote. Sauti iligonga ukuta ikarudi, ikagonga ukuta mwingine, ikatukuta katikati, na yule mchimbaji mwenye maneno alikuwa wa kwanza kupanda juu ya benchi. "Limetema!" alipiga kelele, kama wanavyopiga kelele shimo linapotoa dhahabu, na baa nzima ikaitikia, limetema, limetema, mpaka mwenye baa akaja kuangalia kama kuna ugomvi. Nilipiga mpaka jua likaelekea kuzama. Tukiwa tunafunga nyaya, Masunga alikuja akaligusa lile sanduku kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto wa watu. "Radi," alisema. "Maganzo ni Radi. Hizo nyingine sitaki hata kuzisikia." Nilifurahi, kwa sababu niliona kiti kinanisogelea. Sikujua kwamba ni katika furaha hiyo ndipo tulipotaka kuzama.

Kabla ya Maganzo tulirekodi. Mzee Jayanti, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye babu yake alifungua duka la vitambaa Shinyanga, alikuwa pia akiuza kanda, na katika chumba cha nyuma cha duka lake alikuwa na mashine ya kurekodia aliyoipenda kuliko duka lenyewe. Wateja wa vijijini aliwasalimia kwa Kisukuma kizuri, "Mwangaluka," na wenyewe walimwitikia bila hata kuinua macho, walivyomzoea. Shida ya chumba chake ilikuwa jirani. Jirani alikuwa na mashine ya kusaga unga, na mashine ile ilinguruma kutoka asubuhi mpaka jioni. Kila bendi iliyorekodi pale ilirekodi na unga. Ukisikiliza kanda za Shinyanga za wakati ule, ile besi ya ajabu unayoisikia chini ya nyimbo zote ni mahindi ya watu. Mzee Jayanti aliweka maikrofoni mbele ya kisanduku chetu, akasikiliza kwenye hedfoni, akatikisa kichwa. Kisha akakizungukia nyuma, akainama na miwani yake.

"Binti, hapa nyuma kuna tundu lingine."

"Nimeliona, mzee. Sijui la nini."

"Tujue leo."

Alichukua waya akaunga tundu lile moja kwa moja na mashine yake, bila maikrofoni, spika ya kisanduku ikakatika, akanivalisha hedfoni. Nikapiga. Unga haukuwemo. Lilikuwepo gita peke yake, kana kwamba limekaa ndani ya kichwa changu. Nilimtazama Mzee Jayanti, naye alikuwa ametoa meno yote. Chumbani hakuna aliyesikia kitu. Maduhu na wenzake waliniona nikiyumba na kutabasamu kwenye kelele za mashine ya jirani tu, wakaanza kunicheka. Nilijaribu Radi, lakini humo kwenye hedfoni ilimeza kila kitu, mpaka sauti ya Masunga mwenyewe. Nikajaribu Kanisani. Mwisho nikaweka Zeze, na ile sauti nyembamba ikapita katikati ya dramu na besi kama sindano kwenye kanga, haikumgusa mtu na haikuguswa. Tulirekodi hivyo. Masunga aliposikiliza alisema nyenze imeharibu kanda yake, akaondoka na kofia yake.

Lakini Mzee Jayanti aliiweka kanda ile kwenye spika ya barazani. Siku iliyofuata nilikuwa ng'ambo ya barabara nikinunua nyanya, mashine ya unga inanguruma, baiskeli zinapiga kengele, wapiga debe wa mabasi wanaita watu wa Kahama na Mwanza. Dramu zetu sikuzisikia. Masunga sikumsikia. Nilisikia gita, kila noti, safi, mpaka pale kwenye nyanya. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa akitikisa bega bila kujua anatikisia nini. Nilisahau chenji yangu. Nilimkimbilia Masunga nikamweleza kwamba Geita tulikuwa ndani ya mabati, na Maganzo ni uwanja mtupu, hakuna ukuta wa kuirudisha sauti, kule Radi itatawanyika. Alinisikiliza kwa adabu yote.

"Binti, umemaliza?"

"Nimemaliza, Kiongozi."

"Radi."

Siku ya Maganzo ilikuwa ya upepo na jua kali, siku ya soko, na watu walikuja kutoka kwenye mashimo ya almasi, kutoka vijijini, kutoka Mwadui, wakajaa katikati ya uwanja wakisubiri. Kwenye goli la upande wa pili nilimwona Salvatory akiwa amevaa suti nyeupe, kabati lake nyuma yake. Aliniinulia mkono, nami nikamwinulia wangu. Hatukuwa na ugomvi, tulikuwa na kazi. Mama Kulwa alikuja na mwavuli, akakaa mbele kabisa. Nilipokwenda kuwasha kisanduku, nikaona kitu juu ya kitufe. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, ukafungwa kwenye kishikio cha pembeni, ukazibwa kwa nta nyeusi yenye harufu ya majani yaliyoungua. Kitufe kilikuwa kimefungwa kwenye Radi. Nilijaribu kukizungusha, hakikutikisika.

"Usiguse," alisema Masunga nyuma yangu, kwa sauti ya chini. "Nimekwenda mbali kwa ajili ya hiyo. Umati umefungwa humo. Ukiufungua uzi, umewafungulia watu waende zao."

Msidhani kwamba, kwa kuwa nilikuwa nimepita shule, sikuamini. Niliamini. Kila mmoja pale aliamini. Manju yeyote angefanya vilevile, na lau angefunga uzi ule kwenye mguu wa ngoma usingemdhuru mtu. Masunga alifunga mahali pekee ambapo hapakutakiwa kufungwa.

Tukaanza. Radi ilitoka ikaenda na upepo. Kutoka mahali nilipokuwa ilikuwa kishindo kizuri, lakini niliona kwenye nyuso za watu kwamba hawasikii wimbo, wanasikia mvumo. Nilipunguza sauti kwenye gita, nikapiga noti chache, nikajaribu kila ujanja. Kabati la Salvatory nalo lilinguruma, lakini kulikuwa na joto ndani yake, na mkono wake ulijua kile ambacho kabati linakitaka. Watu wakaanza kuhama. Kwanza vijana, ambao huwa hawana haya, kisha wanawake wenye watoto mgongoni, kisha wazee, kwa heshima, mmojammoja, wakijifanya wanakwenda kununua miwa. Nyasi zilianza kuonekana mbele yetu. Wimbo wa pili ulipokwisha tulikuwa na Mama Kulwa, mwavuli wake, na kundi la watu wa Kambarage waliobaki kwa aibu. Masunga aliimba akiwa amefumba macho. Nilimwona yule Mkerewe wa Mwanza akishuka kwenye basi, nilimwona waziwazi ingawa hakuwepo, na nikajiona nimesimama hatua mbili nyuma yake nikishona nguo.

Kati ya wimbo wa pili na wa tatu niliinama. Fundo lilikuwa gumu, nta imekauka kwa jua, kucha hazikuingia. Nikapiga magoti mbele ya kisanduku, mbele ya watu, nikaukata uzi kwa meno. Nilisikia watu wa Kambarage wakivuta pumzi. Maduhu alisimamisha vijiti hewani. Uchungu wa ile nta ulikaa ulimini mwangu siku nzima. "Kabula!" alisema Masunga, na hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. "Umetuua." Nikazungusha mpaka Zeze, nikasimama, nikaanza wimbo peke yangu kabla hajanikataza.

Sitajidai unyenyekevu. Nimesubiri miaka mingi kuandika sentensi hii, na naiandika kwa raha: niliwachukua wote. Sauti ile nyembamba ilivuka uwanja, ikaupita upepo, ikapita chini ya mngurumo wa kabati na juu ya dramu za Karasha, na kule mbali niliona kichwa kimoja kikigeuka, kisha cha jirani yake. Nilimpigia mchungaji wa zeze ambaye kila mtu pale alikuwa na mjomba kama yeye. Siku ile sikupiga kipande chochote cha Salvatory. Nilikuwa naviogopa vidole vyangu, vilikuwa vinakwenda mahali ambapo sijawahi kuvipeleka. Wazee walirudi wa kwanza, safari hii bila kisingizio cha miwa. Kisha wanawake, na mmoja alipiga kigelegele katikati ya njia, akiwa bado hajafika. Kisha ikawa mbio. Vumbi lilipanda, nyasi zikafichika, nikasikia "Limetema!" kutoka kwa watu ambao bila shaka walikuwa wametoka Geita, na Mama Kulwa amefunga mwavuli wake anaucheza kama mkuki. Maduhu alikuwa anacheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niingie bendini. Goli la pili lilibaki na bendi tu. Baadaye dramu za Karasha zilinyamaza. Nilipoinua macho nilimwona Salvatory amekuja, suti yake nyeupe imejaa vumbi, amesimama mstari wa mbele na watu wengine, anatazama mkono wangu wa kushoto.

Tulipomaliza wimbo hakuna aliyeondoka. Masunga alikuja mpaka kwenye kisanduku, akauokota uzi chini, akautazama, akanitazama mimi na midomo yangu myeusi kwa nta. Nilijiandaa kwa lolote.

"Dawa haijapotea," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Umeila. Iko ndani yako."

"Ndiyo, Kiongozi."

"Sasa itabidi nikuchunge."

Bendini hatukuitana kwa majina tukiwa jukwaani. Mtu aliitwa kwa kiti chake, Besi, Dramu, Rithimu, na ni kiongozi pekee aliyechagua nyimbo, isipokuwa kwamba kwa adabu ya kazi humwuliza kwanza mwenye solo. Masunga aliweka kofia yake sawa, akashika maikrofoni, akaugeukia umati ule wote uliokuwa ukipiga makofi kudai mwingine. Kisha akanigeukia mimi, na maikrofoni iko wazi, na uwanja mzima unasikia.

"Solo," akasema, "tuanze na upi?"

Nikamwambia.